Mushipa wa Shingo ya Mama

Siku ile ekografi, ile picha ya mutoto tumboni, ilikuwa yangu, haikuwa ya mama. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Vita ilikuwa imetutoa kwenye kilima chetu cha Masisi, tukielekea Pinga kwa miguu, na kwenye kituo kimoja cha afya tukakuta daktari mugeni na kamashini ka ekografi ka kubeba mukononi. Mama alikuwa amebeba kitunga chenye vitu vyetu vyote mugongoni, kamba kwenye paji la uso, namna wamama wa kwetu wanavyobeba tangu utoto.

Daktari alinipima: mutoto muzima. Halafu akamuangalia mama anavyohema pale mulangoni.

"Mama, na wewe lala hapa kidogo."

"Mimi? Yesu wangu! Niko na mimba gani, na hizi mvi?"

Wamama kwenye benchi wakaangua kicheko. Lakini alilala. Hakuna sindano, hakuna damu, jeli baridi tu shingoni. Kwenye kioo cha kamashini ilinyesha mvua ya kijivu, na katikati yake mushipa ulifunguka, ukafunga, ukafunguka. Sijui niliangalia muda gani. Vita nilisahau, njaa nilisahau. Niliwaza tu kwamba humo ndimo damu yake ilipita siku aliponizaa.

Daktari akapima na shingo yangu, tulinganishe. Mushipa wangu ulitanuka kila moyo ulipopiga. Wa mama ulitikisika kidogo, basi.

"Mushipa yako imekuwa ngumu, haitanuke tena," akamwambia. "Kunywa hii dawa. Na usibebe tena muzigo. Mushipa inaweza kupasuka mu kichwa."

"Na nani atabeba? Huyu na tumbo yake?"

Nilikasirika. Nikamwambia kesho kitunga kitabaki hapa, na neno limekwisha. Akatandika mukeka wake pale kituoni, akalala. Nikadhani nimeshinda, mujinga mimi!

Asubuhi mukeka wake ulikuwa mutupu. Alikuwa ametangulia na kitunga ndani ya ukungu. Nilipanda ile njia nikimugombeza na kumuombea kwa pumzi moja. Nikamukuta kwenye kona, ameegemea ukingo wa udongo, macho amefumba, kamba ingali kwenye paji.

"Mwanangu," akasema, "nishushie."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumusikia akiomba hivyo. Nilimushushia. Tukaacha jembe, sufuria na mbegu zetu pale kwenye majani, tukaondoka, mimi nikilia kwa sauti, yeye akinitazama tu.