Boti ya Nekesa Isiyonguruma

Kwa miaka kumi na tatu dada yangu Nekesa amewapeleka wageni kutazama ndege katika Ziwa Naivasha. Mwaka huu bega lake la kulia likakataa. Kila asubuhi ilimbidi aivute kamba ya injini ya petroli mara sita au saba kabla haijawaka, na daktari akamwambia achague, kamba au mkono. Aliponipigia simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua kuacha kazi. Mimi ni fundi wa betri huku Njoro. Nikamwomba asubiri nimtengenezee injini ya umeme.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Njoro na baridi mifupani. Wiki tatu nilikuwa nimeinamia betri nilizozitoa kwenye pikipiki za umeme zilizoharibika, na mgongo ulikuwa umechoka kabla ya safari kuanza. Jirani yangu Njoroge, anayepeleka viazi vya Molo sokoni Naivasha, alinibeba kwa pikapu yake. Betri nne zilikaa miguuni pangu, mota ikalala juu ya magunia.

Baada ya Gilgil, malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Tulikaa pale kwa muda wa saa tano. Njoroge aliuliza kama boti ya umeme haiwezi kumpiga mtu shoti majini. Nilimweleza. Akauliza tena kwa njia nyingine, nikamweleza tena. Mara ya nne nilijifanya nimelala, kisha nikalala kweli.

Naivasha tulifika saa nane mchana. Nekesa alinisalimu kwa mkono wa kushoto, akanipa chai, akazitazama betri.

"Hizi ndizo zitakazonifikisha ng'ambo, Barasa? Na zikiisha katikati?"

Nikasema tutabeba kasia. Hakucheka.

Jumanne na Jumatano tulifanya kazi katika manyunyu. Kuing'oa ile injini tulikuwa watu wawili wenye mikono mitatu. Betri niliziweka nyuma, karibu na mota, na boti ilipoingia majini pua yake ikainuka juu. Nikazitoa zote, nikaanza upya, nikazifunga chini ya kiti cha katikati. Jumatano jioni nilisinzia kwenye kiti nikiwa bado nimeshika bisibisi.

Alhamisi, jua lilipotoka, Nekesa alizungusha mpini kwa vidole viwili tu. Boti ikaondoka. Hatukusikia kitu ila maji. Tulipita karibu na ndege wakubwa waitwao mwari waliotua juu ya miti iliyokufa tangu ziwa lilipopanda, na hakuna aliyeruka. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kisha, nyuma ya mti mmoja, maji yakavimba, na mgongo wa kiboko ukatokea hatua kama kumi mbele yetu. Alikuwa ametupa kisogo. Hakujua tupo.

Nekesa alirudisha boti kinyumenyume, akapiga sakafu kwa kisigino, polepole, mara tatu. Kiboko akageuka, akatutazama, akazama. Hatukujua ameelekea wapi. Tulirudi nyuma hadi maji ya wazi.

"Ile injini mbovu ilikuwa inawaambia tunakuja," alisema. "Hii yako haisemi."

Nilimwambia nitaitoa, nimrudishie ya zamani. Akatikisa kichwa.

"Kubisha hodi naweza. Kuvuta kamba siwezi. Wacha ikae."

Mchana huo tulifunga kipande cha bomba la chuma ubavuni mwa boti, mahali ambapo mkono wake mzima unafika, na nyundo ndogo kando yake.

Ijumaa asubuhi hakunisindikiza kwa sababu alikuwa na wageni wawili. Nilisimama ufukweni na mkoba wangu nikamwona akikaribia matete, akapunguza mwendo, akagonga bomba, akasubiri, akagonga tena, ndipo akaingia.

Jioni nilifika Njoro. Mke wangu aliuliza kama boti inakwenda, nikamwambia inakwenda, nikavua viatu. Nilikuwa nimesafiri nikidhani kelele ile ni uchafu wa kuondolewa tu. Siku nyingine, kabla sijanyamazisha chombo cha mtu, nitauliza kwanza ni nani aliyekuwa akikisikiliza.