Yungiyungi la Mdogo Wake

Miaka yote Fundi alikuwa mchonga nakshi pekee katika familia yao, mpaka mdogo wake wa kike, waliyezoea kumwita Kidoti, aliposhika patasi za marehemu baba. Tangu hapo wateja wakiingia karakanani walimpita Fundi kama wanaopita kiti.

Sababu ilikuwa yungiyungi, ua la majini. Fundi alilichonga kwa mchoro wa baba, petali zimejipanga kama meno ya kitana. Kidoti alilipanda kwenye karai la tope nyuma ya karakana, akachonga alichokiona. Aliyetaka ua la usafi, kwa kuwa yungiyungi huota topeni bila kuchafuka, alimchongea lililokunjuka. Aliyefiwa alimchongea tumba linaloanza kufunguka. Hata mpishi mmoja, aliyelijua kwa mizizi yake ya kuchemsha tu, aliagiza la mlango wa jiko.

Sasa mkunga mstaafu alitaka mlango wa mbele wa nyumba yake.

"Nataka ua linalofunguka kama mtoto anayezaliwa. Kila mmoja anichongee kipande cha mfano, nitachagua."

Nyumba ile ilitazama barabara kuu. Kila mpita njia angeuona mlango na kuuliza nani kauchonga. Fundi hakupata raha. Mchana, Kidoti alipokwenda kula, alinyemelea karai. Ua lilikuwa limejifumba kama ngumi, ilhali kwenye kipande chake Kidoti alilichonga wazi. Moyo wake ukacheka.

Mkunga aliporudi kuchagua, Fundi hakungoja hata salamu ziishe.

"Mama, huyu anakuuzia ndoto. Ua lake nimeliona kwa macho yangu, halifunguki hata kidogo!"

"Umeliona saa ngapi, kaka?" Kidoti aliuliza.

"Saa nane mchana."

Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba, saa nane limeshalala! Liamkie asubuhi. Au na wewe huwa bado umelala?"

Mama yao, aliyekuwa akipiga msasa pembeni, aliinua macho.

"Unamsema mdogo wako mbele ya mteja? Baba yenu hakuacha mali, aliacha jina. Leo umelianika juani."

Kesho yake Fundi aliwahi. Ua lilikuwa wazi, vilevile Kidoti alivyolichonga, na lilipendeza. Heri angekuta uongo.

Mlango ukawa wa Kidoti.

"Fremu nakuachia wewe, kaka. Zungushia majani."

Alikubali, maana kukataa kungezua maneno. Akachonga majani mapana, manene, yaliyotokeza mbele hata aliyesimama mlangoni alione jani kwanza, ua baadaye.

"Haya ni majani au masikio ya tembo?" mama yao aliuliza. "Punguza. Watu wasije wakasema nyumba hii ina watoto wanaofunikana."

Akapunguza, huku akimtupia Kidoti jicho la pembeni, aone kama anafurahi. Kidoti hakuwa na habari naye. Alikuwa akimsikiliza mteja mwingine.

Na hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote.