Kiwiko cha Theodosia

Anastazi alipochukuliwa na mgambo kwenda vita vya Kagera, Novemba 1978, mkewe Theodosia aliliweka jembe lake pembeni akaanza kulimia la mume. Mpini ulikuwa mnene, umelainika pale Anastazi alipozoea kushika, naye alipenda kuweka viganja vyake papo hapo.

Kijijini kwao Nemba, kila kaya ilikuwa na zamu katika shamba la pamba la kijiji, mbali na mihogo yao wenyewe. Theodosia akalima sehemu ya watu wawili. Kufikia Februari, kiwiko cha kulia kilimuuma upande wa nje hata kuinua kikombe cha uji ikawa shida. Mama mkwe, Rozalia, alisema ni damu chafu. Akachanjwa chale mara mbili, bure.

Akaenda zahanati. Muuguzi Melania, mama wa makamo, akamshika mkono.

"Kunja ngumi, mwanangu. Sasa iinue, mimi nizuie."

Theodosia akapiga yowe.

"Mfupa ni mzima. Kano ndizo zimechoka, hapa zinaposhikana na mfupa. Unalimia jembe gani?"

Akaeleza. Melania akaugeuza mkono, akakitazama kiganja.

"Mpini huo ni wa kiganja cha mwanamume. Wewe unakaza mno kila unapolima. Liache."

"Nikiliacha, mama, nitabaki na nini chake?"

"Na wewe ukibaki bila mkono?"

Theodosia akalia, na safari hii si kwa kiwiko.

Melania alimwambia apumzike kulima, akande kwa kitambaa cha maji baridi, na akiinua kitu ageuze kiganja juu. Maumivu yakipungua, ashike kijiwe, kiganja kikitazama chini, akiinue kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha akishushe polepole, kila asubuhi.

"Ni kazi ya miezi," alisema.

Balozi wa nyumba kumi akamhamishia zamu ya kufukuza nyani shambani. Huko Theodosia alikaa kutwa akitazama kaskazini, akijiuliza kama Anastazi amekula, kama viatu vinambana.

Kufikia Julai mkono ulikuwa umepona. Agosti ikafika barua kutoka Masaka, Uganda, na mwalimu Bernardo akawasomea yeye na Rozalia mara mbili. Anastazi alikuwa hai, ila likizo bado. Aliuliza habari za mihogo. Theodosia alimwomba mwalimu asome tena pale Anastazi alipomtaja kwa jina.

Mvua za Septemba zilipoanza, alilima kwa jembe lake jepesi, akipumzika kila mstari. Mume alikuwa ameandika kwamba atarudi. Hakuandika lini.