Fungate ya Chumba cha Saba

Hadi sasa natafuta pa kuuficha uso. Niliiandikia hoteli moja ya Galu programu ya vyumba. Badala ya kufuta kumbukumbu yote kila asubuhi, programu ilipaswa kutambua yenyewe chumba ambacho hakijaandikiwa mgeni leo, na kukihesabu kuwa kitupu. Kwenye majaribio niliandika katika chumba cha saba jina langu na la Mwanaisha wa mapokezi, kama wageni wa fungate, maana moyo una mambo yake. Nilifaulu kila mara, kwani kila mara nilianza kwa kuizima kompyuta, kumbukumbu ikafutika.

Jana, mbele ya meneja, sikuizima. Programu ikashindwa kutambua kuwa chumba cha saba ni kitupu, ikasoma maandishi yangu ya majaribio: Salimu na Mwanaisha, fungate.

Mwanaisha alisoma taratibu. "Kaka Salimu," akasema, "fungate tayari, na posa kwetu haijafika?"