Sauti Chini ya Nakala

Mtangazaji wetu wa asubuhi alipofariki mwaka jana, mama yake alituomba tusiirushe tena sauti yake hewani. Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika kituo hicho kidogo cha redio, hapa Machakos mjini, kwa hivyo kazi ya kufuta ilikuwa yangu. Nilifuta diski yake yote.

Tuna kompyuta moja kubwa, na ndani yake programu huria inayoigawa iwe kompyuta kadhaa, kila moja na diski yake. Mhariri mpya alipoajiriwa, nilimnakilia diski ya matangazo ya biashara. Ukaguzi ukakataa: nakala haikufanana na ile ya asili. Nikaendesha programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa nione kilichozidi. Likaibuka faili moja la sauti, halina jina. Mhariri akavaa hedfoni, akazivua haraka.

"Kuna mwanamke anaongea huku ndani. Ni nani?"

Nikasikiliza. "Mwakya ata," marehemu alisalimia kwa Kikamba, vile alivyowaamkia wasikilizaji wake siku zote. Akakohoa. "Ngojeni kwanza. Nipeni maji kidogo." Kisha ukimya, na feni ikizunguka.

Habari zilipoenea, karani wa mapokezi alikataa kupita karibu na chumba cha mitambo. Mimi nilijua si mzimu. Nilisoma msimbo wa programu ile mpaka nikaona kosa. Katika kunakili, ikifika mahali patupu iliruka bila kuandika kitu, ikidhani diski mpya nayo ni tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa imetengewa nafasi palepale ilipokuwa diski ya marehemu, na kufuta kwangu kulikuwa kumeondoa jina tu, si sauti yenyewe.

Dawa yake ilikuwa mistari michache: palipo patupu, iandike sufuri ili kufuta kilichobaki. Niliiandika upesi, lakini sikuthubutu kuijaribu juu ya sauti ile. Nikampigia mama wa marehemu simu.

Alikuja siku iliyofuata, akasikiliza amefumba macho.

"Mlimpa hayo maji?" akauliza.

Sikukumbuka. Sikujua hata ilikuwa siku gani.

"Tulimpa, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Nilipomuuliza kama nimwekee sauti hiyo kwa simu yake, alikataa.

"Funga tu, mwanangu. Asiachwe akiongea peke yake huko."

Nikanakili upya juu ya mahali palepale. Ukaguzi ukapita. Nikafukua tena, hakukuwa na kitu.

Nilituma marekebisho kwa watunzaji wa programu, watu nisiowahi kuwaona. Mmoja akayapokea, akashukuru, akauliza nililigunduaje kosa lenyewe. Nikamjibu kwamba ukaguzi ulikataa.