Siku Niliyopeleka Mpungate kwa Wakwe

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu Zamu amekwisha kulisimulia kwenye kila harusi aliyoalikwa, na kila mara anaongeza chumvi, sasa afadhali mlisikie kwangu, maana mdomo ulioaibika ni wangu.

Nilikuwa naenda Namakwekwe, kule Mbale, kujitambulisha kwa wazazi wa Zamu, binti niliyetaka kumwoa. Mimi ni Msoga wa Mafubira, nauza viungo Jinja mjini, wao ni Wagisu, na baba yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba hataki msemaji wa kukodi: "Nitamsikia kwa kinywa chake. Nikiridhika ataoa, nisiporidhika arudi kwao."

Zamu aliniambia, "Lete sukari tu, kama watu wengine." Mimi nani nilete sukari? Mzee ana presha, na wiki nzima nilikuwa nasoma kwenye simu habari za tunda la mpungate (ule mmea wa miiba wenye majani mapana, jirani yangu Mhindi ameupanda kuwa ua), kwamba ile rangi yake nyekundu ina vitu vinaitwa antioksidanti, vinapigana na kitu kama kutu inayoula mwili polepole, na huenda vikausaidia moyo na mishipa. Waliandika "huenda". Hiyo huenda niliiruka.

Jirani akanichumia kikapu kizima, akanionya: "Bwana, yasugue sana, yana vimiiba kama vumbi, huvioni." Asubuhi hiyo nimechelewa, brashi siioni, basi nikayashika kwa mfuko wa plastiki (mjanja mimi!), nikatoa hanchifu yangu mpya, nikayasugua moja moja mpaka yakang'aa, halafu, na hapa mnitukane mkitaka, nikaikunja ile hanchifu vizuri na kuirudisha kwenye mfuko wa kanzu.

Sebule ilikuwa imejaa. Mzee mbele yangu, senga wa Zamu, yaani shangazi yake, kando yangu, na mamamkwe nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu kwetu na kwao mkwe na mamamkwe hawagusani wala hawatazamani usoni. Nikaanza hotuba. Kutu, moyo, mishipa, mzee anaitikia kwa kichwa, nami nikanogewa mpaka jasho likanitoka, nikachomoa hanchifu nikajifuta paji la uso, mashavu, na mdomo. Mdomo niliufuta mara mbili, kwa adabu.

"Sawa, mwanangu," mzee akasema. "Sasa binti yangu utamtunza vipi?"

Midomo ikawaka moto. Nikailamba, ulimi nao ukawaka. Nikajifuta tena kwa hanchifu ileile! Nikafungua kinywa kujibu, ikatoka "Nnnh", na machozi yakanishuka.

"Mapenzi hayo," senga akanitetea.

"Au swali limekuwa gumu?" mzee akauliza, na uso wake ukabadilika. Wallahi nilimwona Zamu akiniponyoka hivi hivi. Niliogopa kweli.

Nikamsukumia senga hanchifu. Akaishika, akairusha. "Banange, miiba!"

Sasa nani aitoe? Senga haoni vya karibu, Zamu anatetemeka kwa kicheko. Ndipo pazia likasema: "Mimi nimekuwa muuguzi miaka mingi. Mwekeni chini."

Mzee akakohoa. Senga akafikiri, akavua leso yake, akanifunika kichwa kizima ukabaki mdomo tu nje, na mamamkwe akavaa glavu (eti glavu si mkono), akachukua kikoleo cha Zamu cha kung'olea nyusi. Nikalazwa mkekani. Kila akivuta kimoja naruka.

"Tulia!" mzee akasema, nikasikia ameanza kucheka. "Kwetu Bugisu mwanamume akiguswa na kisu cha jando hapepesi jicho, wewe unalilia tunda?"

Mamamkwe alikuwa anavuta tu, anaongea polepole kama na mgonjwa wa wodini. "Tunda ni zuri, mwanangu, tutalila. Lakini si dawa, mzee atabaki na vidonge vyake. Na hiyo faida yake imo ndani, wewe umeanzia kwenye ganda."

"Na swali langu bado," mzee akasema.

Nilikuwa gizani chini ya leso, ulimi umevimba, hotuba yote imenitoka kichwani. Nikasema lililobaki: "Baba, nitakuwa namsikiliza. Aliniambia nilete sukari."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, hata glavu ya mamamkwe ilitikisika mdomoni mwangu, na mzee alipopata pumzi akasema, "Huyu amejibu. Mpeni chai."

Sikuweza kuinywa, ilikuwa ya moto. Lakini Zamu nilimpata, na tangu siku hiyo Namakwekwe naenda na kilo zangu mbili za sukari, sina hanchifu mfukoni, na jasho likinitoka naliacha lishuke.