Ukoka wa Yudith

Mke wangu Yudith alizaliwa Kibakwe, milimani, kwenye ukungu na mahindi marefu. Mimi ni mtu wa Mkonze, wa mbugani. Alipoingia kwangu mara ya kwanza alitazama ua akauliza, "Hapa mlichoma nini?"

Hatukuchoma kitu. Ndivyo ulivyo udongo wetu, mweusi na mzito, wa mfinyanzi mtupu. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama. Mvua zikinyesha unashika unyayo, haukuachii.

Alikuwa mfupi, mwenye miguu mipana, na hakuvaa viatu mpaka alipokufa. Alilima uwele na mtama. Alizaa, tukazika, akabaki mwanetu Methusela peke yake, naye reli ilimchukua ikampeleka Tabora. Yudith alibatizwa akiwa mtu mzima, akachagua jina mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno, lakini alikuwa mbishi. Akishasema jambo, basi.

Reli ilipofika Dodoma akawa anapeleka maziwa stesheni. Huko, mbele ya nyumba ya Mjerumani mmoja, aliona ukoka umepandwa makusudi, umekatwa mfupi, umezungushiwa mawe, na mnyama haruhusiwi kuugusa. Akarudi akanieleza.

Nikauliza, "Wana ng'ombe wangapi?"

"Hawana hata mmoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Safari iliyofuata alirudi na vipande vya ukoka ndani ya kibuyu cha maziwa, alivyookota mahali wanapotupa takataka. Akavipanda uani, mbele ya mlango wa tembe.

Majirani walikuja kushangaa. Kwetu ua hufagiwa mpaka unang'aa. Nyasi zikiota uani, watu wanajua wenye nyumba wamehama au wamekwisha. Athuman, muuza chumvi wa Kondoa aliyejenga jirani yetu, alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, unafuga ndama gani humu ambaye hatumwoni?"

"Huyu hapa," akasema, akaninyooshea kidole.

Mwanzoni alifanya kama alivyoona stesheni. Alimwaga maji asubuhi, akamwaga jioni. Maji yenyewe tunayachimba kwenye mchanga wa korongo, na njia ni ndefu. Ukoka ukageuka njano. Akaongeza maji. Ukazidi. Siku moja alichuchumaa, akachomeka kidole ardhini, akakinusa.

"Tope," akasema. "Linanuka kama dimbwi la nguruwe. Kule stesheni ni mchanga, maji yanapita zake. Hapa yanakaa kama mgeni asiyejua kuaga."

Akaacha kumwagilia. Akachonga mti, akatoboa ardhi matundu, akayajaza mchanga wa korongo na samadi ya zamani. Tangu hapo hakumwaga maji mpaka kwanza achomeke kidole. Kikitoka na tope, anarudi ndani. Kikitoka kikavu, anamwagilia asubuhi, polepole, kidogo, anangoja yazame, anaongeza. Kisha anauacha siku nyingi. Watu walisema ni mchoyo hata kwa majani. Ukoka ukatambaa, ukafunika ua. Jioni alikaa juu yake, miguu ameinyoosha, akibangua karanga. Mimi nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa naona aibu kukaa kwenye nyasi kama ndama.

Kiangazi hiki kifua kilimbana, akafa.

Mashamba aliyoacha mtu yeyote atayalima. Kibuyu chake atakishika mwingine. Lakini ukoka hakuna mwingine aliyeutaka isipokuwa yeye. Nikasema moyoni, huu usife.

Nilisema hivyo kabla matanga hayajaanza.

Kwetu aliyefiwa huletewa maji. Unga unaletwa, kuni zinaletwa, lakini anayekuheshimu hasa anakuja na maji kichwani. Watu wakitoka kaburini wananawa mlangoni. Wakila wananawa. Na maji, hata machafu, hayamwagwi kwenye ardhi tupu, kwa sababu kila mtu anajua yametoka wapi na shingo ya nani imeyabeba. Yanamwagwa penye kitu kilicho hai. Hapo uani palikuwa na kitu kimoja tu kilicho hai.

Kila aliyenawa alinawia juu ya ukoka. Kila aliyebakiza maji kwenye kibuyu aliyamimina pale, akasema, "Haya, Mama Methusela, na wewe unywe." Utamzuia vipi mtu anayesema hivyo?

Nilikaa nikatazama maji yanatuama, yanang'aa, hayaendi popote.

Dada yake mkubwa, Anyesi, alikuja kutoka Kibakwe kusimamia msiba. Huyo ni Yudith mara mbili kwa ubishi, ila ana maneno. Watu walipopungua, ukoka ulikuwa umeanza njano. Anyesi akakanyaga, akatazama unyayo wake.

"Ona. Nyasi hazinyanyuki. Yudith aliniambia mwenyewe, ukikanyaga zisinyanyuke, zina kiu."

Kweli, Yudith alikuwa akisema hivyo. Lakini mlevi naye hanyanyuki.

"Shemeji, maji yametosha," nikasema.

"Yamemtosha nani?"

"Ukoka."

"Umekuambia?"

"Chomeka kidole uone."

"Mimi nimekuja kuomboleza, sikuja kuchokonoa ardhi." Akamimina kibuyu kizima. "Mdogo wangu hajapoa kaburini, na wewe unabana maji."

Nikainuka, nikaenda kutazama mbuzi ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Alfajiri nilichukua ule mti wake uliochongwa, nikatoboa matundu ua mzima, mgongo ukaniuma. Nilitaka hewa iingie, tope likauke. Niliingia ndani kutafuta kikapu nikachote mchanga. Nilipotoka, Anyesi alikuwa ameshafika, ameinama, anajaza maji tundu moja moja, kwa uangalifu, kama anayenywesha watoto.

"Hapa sasa umefanya la maana," akasema. "Yatafika kwenye mizizi."

Niliweka kikapu chini. Ningejibu, ningesema neno ambalo halisemwi kwa shemeji.

Athuman alipita na chumvi yake, akachungulia. "Mzee, nyasi zako zimelewa."

"Mwambie yeye."

"Mama," Athuman akamwambia Anyesi, "umewahi kuona mlevi akitibiwa kwa pombe?"

"Wewe uza chumvi," Anyesi akasema. "Stesheni wanamwaga asubuhi na jioni, nimepita nimeona kwa macho yangu. Kijani kama kasuku."

"Stesheni ni mchanga," nikasema.

"Ardhi ni ardhi."

Siku hiyo nilikata matawi ya miiba, nikauzungushia ukoka kama zizi. Nilidhani nimemaliza. Kabla ya jua kuzama ndugu yangu mkubwa, Yoramu, alikuwa amefika na fimbo yake. Alikuwa ameshasikia. Mkonze yote ilikuwa imesikia.

"Umewafungia watu maiti," akasema.

"Nimefunga nyasi, kaka."

"Watu wanakuja kumpa mkeo maji, wanakuta miiba. Wanauliza, tumemkosea nini? Wanauliza, au kuna jambo alilomfanyia marehemu, sasa hataki apoe?"

"Na wewe unauliza?"

"Mimi nakuambia uitoe."

Niliitoa. Miiba ilinichana mikono. Anyesi alikaa mlangoni akipepeta uwele, hakuinua uso, lakini alikuwa amefurahi. Niliona mabega yake.

Nikachomeka kidole ardhini mbele ya kaka yangu. Kikatoka cheusi, kinanuka. Nikamsogezea. Akarudisha kichwa nyuma.

"Ni ubichi," nikasema. "Mizizi inaoza. Ni ukoka wa Yudith, alikuwa hapendi uoze. Ni hilo tu."

Yoramu akafikiri. Si mtu mbaya. "Naelewa," akasema. "Lakini maji ya msiba hayakataliwi. Hilo nalo unalielewa." Akaondoka na fimbo yake.

Nililielewa. Ndilo lililonikaa kooni. Maji ya msiba hayakataliwi, na Anyesi ana nguvu za kwenda korongoni na kurudi. Ukoka upande wa mlango ulikuwa umelala, ukivuta unakuja na mzizi wake, laini, mweusi. Niling'oa uliooza kwa mikono. Niliendelea kung'oa mpaka kikabaki kipande kando ya ukuta, kama ngozi ya mbuzi mmoja, ambako watu hawakufika sana kwa sababu ya kinu.

Kesho yake Anyesi akatoka na kibuyu kimejaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kipande, akasogeza kinu kwa mguu.

"Nipe," nikasema.

"Unataka kumwaga wewe? Haya, ni mkeo."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Nilikunywa mpaka mwisho. Maji yalikuwa na mchanga chini. Nikamrudishia.

Akanitazama. Maji ya msiba yamepokelewa, yamenywewa na aliyefiwa mwenyewe. Hakuna wa kusema kitu, hata Yoramu.

"Umekuwa na kiu ya ghafla, shemeji."

"Msiba unakausha koo."

Akaenda, akarudi na kingine. Nikanywa. Mchana wakaja wanawake wawili wa Chimwaga kutoa pole, wakanawa, wakataka kumimina mabaki. Nikanyoosha mkono, nikanywa. Tumbo likawa ngoma. Usingizi ulinikataa, nikawa natoka kila mara, na nilikwenda mbali, nyuma ya zizi, nisije nikaharibu kazi kwa upande mwingine.

Athuman alisikia. "Mzee, utaota majani," akaniambia.

"Afadhali niote mimi."

Jua limekuwa kali. Asubuhi hii nimechomeka kidole kando ya ukuta. Juu pakavu, chini bado pana ubaridi, lakini tope halikushika. Majani ya kile kipande ni njano, na hapa na pale kuna kijani ambacho sijui kama ni cha kupona au ni kilichochelewa kufa. Hakihitaji maji leo. Kesho pia hakihitaji. Ningemwambia Anyesi, lakini nimechoka kuambiwa ardhi ni ardhi.

Alisema ataondoka akimaliza kupepeta uwele. Uwele umekwisha. Hajaondoka. Analala kwenye ngozi ya ng'ombe aliyolalia mdogo wake, na alfajiri namsikia anatoka kimya kwenda korongoni, na najua kwamba huko njiani ndiko anakolia, kwa maana akirudi macho yake ni mekundu na kibuyu kimejaa hadi mdomoni.

Sasa hivi amesimama uani nacho. Anakitazama kile kipande. Ananitazama mimi.

Nimekojoa usiku kucha. Nanyoosha mkono.